Kambini kwa Wajane Hakuna Kiziwi

Nilinyamaza mwaka mmoja na miezi miwili. Si kwa hasira, ingawa hasira ninazo za kutosha kugawia kijiji kizima. Mume wangu alifariki, na kwetu Wawarlpiri, wenyeji wa jangwa hili, mjane hafungui mdomo mpaka ndugu za marehemu wamfungulie. Jina lake silitaji, na nyie msinitajie. Wiki iliyopita wamenifungulia. Basi kaeni chini, mimineni chai, mnisikilize, maana maneno yamejaa tele na ya kwanza kutoka ni ya Nolia.

Nolia ni mtoto wa dada yangu. Huku mtoto wa dada yako ni mtoto wako, kwa hiyo mimi ni mama yake na hakuna wa kuniuliza. Dada yuko mjini Alice, mashine ya figo inamshika siku tatu kila wiki, hawezi kuja kukaa huku jangwani. Nolia nimemlea tangu ana miaka mitano, na sasa ana thelathini na miwili. Mrefu, mwembamba, miguu ya kutembea. Anasikia radi ikipiga juu ya paa, na lori likipita karibu. Zaidi ya hapo hasikii kitu. Masikio yalianza kutoka usaha akiwa mchanga, kama ya watoto wengi wa huku, ila yake hayakukauka. Alipofika miaka kumi kliniki wakampa vifaa vya kusikilizia. Alivivaa siku mbili. Upepo uliingia humo ukamnguruma kichwani, akavitoa, akamtupia mbwa, mbwa akavitafuna. Muuguzi alinifokea. Nami nikamfokea zaidi.

Shuleni walimweka dawati la nyuma apake rangi picha. Miaka miwili mtu anapaka rangi. Picha ya ng'ombe, picha ya meli, na sisi bahari hatujawahi kuiona. Akaacha kwenda, na mimi sikumlazimisha.

Alikokwenda ni kambi ya wajane. Mwanamke akifiwa na mume, yeye na wale wanaohesabiwa kuwa mama na mama mkwe wa marehemu wanahamia kambi yao pembeni ya kijiji, wanajipaka udongo mweupe, wanaishi pale bila kusema, mwaka mmoja, wengine miwili. Wanazungumza kwa mikono. Msidhani ni ishara za kuombea maji tu. Kwa mikono wanasengenya, wanagombana, wanasimulia visa vya zamani, wanacheka mpaka machozi, na husikii hata sauti ya nzi. Nolia aliingia pale akiwa na miaka kumi na miwili, akakuta kila mtu anaongea naye. Hakuna aliyemwita kiziwi. Wajane walifunguliwa midomo wakaondoka, wakaja wengine, yeye yupo tu, anawatekea maji na kuwaokotea kuni, na kila bibi aliyepita pale alimwachia maneno yake. Alipofika miaka ishirini hapakuwa na mtu kijijini aliyemzidi kwa lugha ya mikono.

Wale mabibi walimwachia na nyayo. Sote huku tunasoma nyayo. Unyayo wa mtu tunaujua kama uso wake, na ukipita nyuma ya nyumba yangu usiniambie hukupita. Lakini Nolia anasoma mpaka unaona haya. Atakuonyesha alama ya paka mwitu kwenye mchanga akuambie huyu jike, ana mimba, alikula alfajiri, na mguu wa nyuma umechomwa na mwiba. Unamfuata paka saa tatu, unampata, unakuta mwiba.

Sasa niambieni, mtu kama huyo serikali ilimpa kazi gani? Kuokota makopo. Miaka saba, kizibao cha njano na fimbo yenye msumari, kila asubuhi anapita barabara ile ile kuokota makopo, eti wanamzoesha kazi ili siku moja apate kazi. Asipofika wanamkata posho. Na kijiji chetu chote kina mitaa minne.

Kazi ilikuwepo. Tuna kikosi cha wanawake cha kulinda ardhi, watu watano, gari moja, sare, mshahara wa kweli. Tunachoma nyasi wakati wa baridi kabla jua halijazikausha, ili kiangazi moto mkubwa ukose cha kula, na tunawafuata paka mwitu wanaomaliza walpajirri, yule mnyama mdogo wetu mwenye masikio ya sungura. Mimi ni dereva. Mkuu wetu ni Enid Napangardi, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, na Enid hatoki kumfuata paka bila Nolia. Miaka mitano Nolia alitoka nasi kila wiki, akimaliza makopo yake, bure kabisa. Kulipwa asingeweza, kwa sababu watu wa kuajiriwa huchaguliwa na ofisi ya mjini, na ofisi ilishamkataa mara mbili.

Hapo ndipo pananiuma, na nitasema, maana nisiposema mimi Coral atawaambia kwa kunikomoa. Mara zote mbili nilimpeleka mimi. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikakaa mbele ya meza ya bwana wa ofisi, nikasema. Nilisema kuhusu masikio, kuhusu kliniki, kuhusu yule mwalimu na rangi zake, nikasema ninavyofikiri juu ya ofisi yao na mashangazi wa ofisi yao. Mdomo wangu ulikuwa unakwenda kama cherehani. Nolia alikaa pembeni akitazama dirishani. Yule bwana hakumtazama hata mara moja, alikuwa ananitazama mimi, anafuta jasho, na chini ya fomu akaandika: mwombaji hawezi kujieleza, anasemewa na mama. Mara ya pili hivyo hivyo. Tukirudi garini Nolia aliniambia kwa mikono, "Umeongea mpaka chakula chao kimepoa." Siku hiyo nilishika nusu tu ya maneno hayo, nikadhani ananisifu.

Kisha mume wangu akafariki, nikahamia kambini, na mdomo ukafungwa.

Siku za kwanza nilikuwa mtu wa kuchekesha. Lugha ya mikono nilijua ya sokoni tu: njoo, nenda, maji, mbwa, huyu mwongo. Nilijaribu kumwomba Nolia anichomee mkia wa kangaruu, akanitazama, akaanza kucheka akashika mbavu.

"Mama, umeniambia nimchome shangazi," alisema. "Yupi? Kuna mmoja hata mimi ningependa."

Mwanangu ndiye aliyenifundisha kusema, kila asubuhi, kwa subira ambayo mimi sijawahi kumpa mtu. Aliishika mikono yangu akainyoosha vidole kama mtu anayefungua mafundo ya kamba. Ndipo nikaanza kumsikia. Miaka ishirini na zaidi nimemlea, na sikujua kuwa ana maskhara hivyo, sikujua anavyowaiga watu, sikujua kuwa ile siku ya mbwa na vifaa bado anamcheka muuguzi. Nililia sana mwezi ule. Watu walidhani namlilia mume tu.

Baada ya wiki za msiba tulirudi kazini na udongo wetu mweupe. Enid naye mdomo umefungwa, kwa sababu kwa hesabu yetu ya ukoo yeye ni mama wa marehemu, ingawa kanizidi miaka miwili tu. Marlette Nakamarra naye amefungwa, anahesabiwa mama mkwe. Kikosini akabaki mmoja tu wa kusema, Coral Napaljarri, mtoto wa kaka yangu, msichana mwenye ulimi wa pilipili na sauti ya kufukuza ndege. Coral ndiye akashika redio ya gari. Na nafasi ya mtu wa tano ikawa wazi, kwa sababu mwenzetu alihamia mjini kwa wajukuu.

Ofisi ikaleta taarifa: atakuja mtu wa kufanya tathmini. Nolia akajaza jina lake mara ya tatu.

Mtu mwenyewe alikuwa msichana wa Kizungu, Tamsin, miaka kama ishirini na saba, suruali ndefu na kofia mpya. Aliegesha gari dukani asubuhi, akanunua maji, akatembea mpaka banda letu la kikosi. Alipofika bandani kijiji kizima kilishajua jambo lake. Mchanga wa mbele ya duka ulikuwa umeandika. Nolia alipita, akatazama chini, akanionyesha kwa kidole kidogo: mguu wa kulia unakunjika, wa kushoto haukunjiki kabisa, kisigino kinashuka kizito na vidole havisukumi. Mguu wa kushoto haukuwa wake. Ulikuwa wa kutengenezwa.

"Anatembea vizuri," Nolia alisema. "Ameuzoea."

Hakuna aliyemwambia kitu. Hayakutuhusu. Mtu akificha mguu wake ana sababu zake.

Tamsin akatoa fomu, akatoa na kompyuta. Alisema ameandaa mkalimani wa viziwi, mtaalamu, atazungumza na Nolia kutoka mji mkubwa. Skrini ikawaka, akatokea bwana mwenye ndevu, akaanza kupunga mikono. Nolia alimtazama kwa adabu. Ile ni lugha ya viziwi wa mijini; yule bwana ya kwetu haifahamu, na Nolia ya kwao haifahamu. Halafu mtandao ukakatika na yule bwana akaganda na kidole puani.

"Amemwambia nini?" Tamsin akauliza.

"Bado anafikiria," Coral akasema.

Tamsin akafunga kompyuta. Uso wote ulikuwa mwekundu. Akageuka kwangu, akasoma jina langu kwenye karatasi zake za zamani. "Wewe ndiye mama yake? Hapa wameandika wewe humsemea. Tafadhali, nisaidie."

Enyi watu. Mdomo uliniwasha. Nilikuwa na majibu ya fomu nzima kooni, na mengine ya nyongeza. Neno moja lingetosha kuanza. Na Nolia alikuwa ananitazama. Hakuniomba niseme, wala hakunikataza. Alikuwa anangoja tu aone, kama alivyokuwa anangoja kwenye lile dirisha la ofisi. Nikaubana mdomo mpaka meno yakauma, nikaonyesha udongo mweupe kwenye paji la uso wangu, nikaonyesha midomo.

"Shangazi amefungwa," Coral akamwambia. "Mkuu wetu naye amefungwa. Yule kule kwenye chai naye. Ukitaka sauti nipo mimi. Ukitaka akili, muulize Nolia, mimi nitakupa kwa maneno anayosema yeye."

Basi wakaanza. Tamsin anauliza, Coral anageuza kwa mikono, Nolia anajibu, Coral anatoa sauti. Maswali ya paka, maswali ya moto, upepo gani unachoma na upepo gani unasubiri. Nolia alijibu bila haraka. Mara nyingine Coral alikuwa anaongeza chumvi, na Nolia akimwona mdomo umekwenda sana anampiga kofi mkononi.

"Nimesema hivyo?"

"Binamu, nimekupamba kidogo."

"Nitoe mapambo."

Tamsin alianza kucheka. Alikuwa si mtu mbaya, na hilo liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Wakafika swali la kumi na nne akaacha kucheka. Alilisoma taratibu: je, mwombaji anaweza kupokea na kutoa taarifa kwa sauti kupitia redio?

"Nikiandika hapana," alisema, "kompyuta ya ofisi inamtoa yenyewe. Hata majibu mengine hayasomwi. Ndiyo ilivyotokea mara zile mbili."

Kumbe. Nilikaa na hilo neno. Miaka yote nimebeba kosa la mdomo wangu, na ni kweli lilikuwa kosa langu, lakini chini yake kulikuwa na mtego mwingine, na hata ningemleta Nolia akiwa na ulimi wa malaika ungemnasa vile vile. Nilitamani kuinyakua ile fomu niile.

Tamsin akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Naweza kuweka tiki kwenye ndiyo. Hakuna atakayekuja huku kuhakikisha. Kazi ni yake leo hii."

Coral akageuza kwa mikono huku macho yake yakimwambia Nolia kubali. Marlette akaacha chai, akasema kwa mkono kubali. Na mimi, nisiwafiche, mimi mikono yangu ilikuwa juu hewani nikimpigia kelele mwanangu, kubali, kubali, chukua sare yako twende kazini. Enid peke yake alitulia.

Nolia alitutazama mmoja mmoja. Kisha akajibu, na mikono yake ilikuwa mikubwa, ya kuonekana na kila mtu.

"Hapana. Moto ukigeuka siku moja na mtu akaungua, watasema kiziwi alidanganya. Andika nilivyo. Mimi sisikii. Andika hivyo, halafu andika kuwa kazi naiweza."

"Watakukataa," Tamsin akasema. "Nakuambia ukweli."

"Hawa wanawake watatu," Nolia akasema, "leo nani kati yao anashika redio? Mkuu wa kikosi hasemi tangu msimu uliopita. Tumechoma vilima vyote vya magharibi, tumekamata paka kumi na moja, na sauti ni ya Coral peke yake, na Coral akianza kupiga kelele paka wote wanahama. Tunaongea kutoka kilima mpaka kilima na mnyama hasikii. Swali lako likiwa la kweli, mfukuze na Enid."

Coral alitoa sauti yote hiyo bila kuongeza kitu, hata ile ya kelele zake.

Kisha Nolia akainama akakaa mbele ya Tamsin, karibu, na mikono yake ikawa midogo, ya watu wawili. Coral naye akashusha sauti. "Anauliza, wewe ulijibuje kuhusu mguu wako wa kushoto?"

Tamsin alikauka. Mkono ukaenda gotini wenyewe. "Nani kawaambia?"

"Mchanga," Coral akasema.

 Tamsin akafukuza nzi juu ya fomu. Kisha akasema aliandika kuwa ni mzima, maana kazi hii ni ya kusafiri, na wangejua wangemweka kwenye kiti akipokea simu maisha yake yote. Miaka minne hajavaa kaptula mbele ya wenzake wa kazi. Nolia alimsikiliza kwa macho. Hakumcheka, wala hakumpa pole.

"Wewe umedanganya ukapata," alisema. "Mimi nataka nipate hivi hivi nilivyo. Andika."

Tamsin akaandika hapana.

Ofisi ilijibu baada ya wiki tatu, karatasi moja, mistari miwili: hafai. Nilipoisoma nilikwenda nyuma ya kambi nikavunja ndoo kwa teke. Nolia alikwenda kuokota makopo kama kawaida, na kizibao chake cha njano, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi kuliko karatasi.

Enid hakuvunja ndoo. Enid alimtuma Coral ampigie Tamsin simu, alete fomu nyingine zile zile, nne. Zilipofika kwa ndege ya barua akatuketisha bandani, akatugawia kalamu. Alisema kwa mikono, polepole ili hata mimi nisikosee, "Mwaka huu tunajipima sote. Mtu asidanganye."

Tulijaza. Swali la kumi na nne Enid akaandika hapana. Marlette akaandika hapana. Mimi nikaandika hapana, nikaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Coral akakwama.

"Mimi naweza," alisema. "Nifanyeje? Nikiandika hapana, nimedanganya."

Enid akamwambia aandike ukweli. Coral akaandika: ndiyo, lakini siku hizi sina wa kuongea naye.

Zilikwenda mjini, na barua ya Enid juu yake. Barua ilisema kwamba kwa kipimo chao kikosi kina mtu mmoja tu anayefaa, na huyo hana leseni ya gari. Kwa hiyo funguo ziko bandani, gari limeegeshwa, na wao waje wenyewe wawatafute paka. Tukakaa. Tulikaa wiki tano. Hesabu ya walpajirri ya msimu ilikuwa inasubiriwa na wakubwa wa wakubwa wao, na hakuna wa kuihesabu. Simu zikaanza. Walimtaka Enid. Coral akawajibu kila mara, kwa adabu, kuwa Enid yupo na anasikiliza vizuri sana ila hasemi. Wakaleta bwana mmoja akasimama mbele ya Enid nusu saa anamweleza mambo ya usalama. Enid akamtazama. Alipomaliza, akamkabidhi funguo za gari.

Na Tamsin naye aliingia. Hatukumwomba. Alijaza fomu yake upya, sehemu ya ulemavu akaandika mguu wa kushoto, chini ya goti, tangu nina miaka tisa, akaibandika mlangoni kwa mkubwa wake. Tulisikia alikaripiwa. Tulisikia pia kuwa alikwenda kazini siku iliyofuata amevaa kaptula.

Mwishowe wakabadilisha swali. Sasa linasema: je, kikosi kina njia ya kuitana na kuonyana hatari, na mwombaji anaijua? Mstari mmoja. Miaka saba ya makopo kwa mstari mmoja, na mimi sitawashukuru, msinitazame hivyo. Walichokuwa wamekishika kilikuwa chake.

Nolia alianza kazi mwezi wa tisa. Kile kizibao cha njano alikitundika kwenye mti wa barabara ya dukani. Bado kipo, jua limekifanya cheupe.

Juzi, siku ya nne tangu nifunguliwe mdomo, bwana mkubwa wa ofisi, yule mkubwa wa Tamsin, alikuja na mpiga picha. Wanataka gazeti lao lionyeshe walivyomsaidia. Walitukuta porini, tumeinama kwenye mchanga, Nolia mbele, anamfuata paka mzee ambaye ametusumbua tangu baridi. Bwana alikuwa ameshasikia kuwa mimi sasa nasema. Alikuja kwangu moja kwa moja, mkono mbele.

"Mama," akasema, "wewe ndiye umemlea. Tuambie, binti yako anajisikiaje kupata nafasi hii?"

Mwaka na miezi miwili nimengoja mtu wa ofisi aniulize kitu. Nilikuwa na maneno, jamani, nilikuwa nayo mengi, yamepangwa, mengine nimeyanoa usiku na mchana. Mdomo wangu mwenyewe, umefunguliwa, hakuna tena wa kunizuia. Nikamtazama mwanangu, mgongo wake, mikono yake nyuma ikituambia tusogee kushoto.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Bwana akasita. Akatembea mpaka mbele ya Nolia, akainama, akapaza sauti kama watu wote wa namna yake wanavyopaza, neno moja moja. "Una-jisi-kiaje?"

Nolia akainua kichwa. Akamtazama usoni, akamtazama miguuni, kisha akatusemea sisi kwa mkono mmoja.

"Anasemaje?" bwana akauliza, amefurahi, kalamu tayari.

"Anasema usogee," Coral akamwambia. "Umekanyaga nyayo za paka wake."